Kidonge Chake, Kidonge Changu

Sehemu ya sita

Wajukuu zangu mnaonisoma, mliniona mlangoni kwa pacha wangu Babirye nikiwa na godoro kichwani. Upepo ulikuwa umeezua nyumba yangu, mnyauko ulikuwa umemaliza migomba yangu, na ng'ombe wangu mmoja alikuwa amezaa ndama mfu. Babirye alinipokea kwa kicheko, akanipa kitanda cha pili chumbani mwake. Siku ya tatu akajishika paji la uso akasema, "Nakato, hapa panawaka."

Nilikomea hapo. Leo nitasema kilichofuata, na nitasema chote, hata kile ambacho padri aliponisikiliza alikohoa, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Panawaka vipi?" nilimwuliza.

"Kama mtu kaniwekea pasi ya mkaa."

Nilitazama nisione kitu. Kesho yake pakawa pekundu. Siku iliyofuata, Jumapili, yakatoka malengelenge, madogo madogo kama shanga za maji, kutoka kwenye nywele hadi juu ya nyusi ya kulia. Upande wa kushoto haukuguswa. Ungedhani mtu kapiga mstari kwa rula katikati ya paji.

Nilimsagia majani, nikampaka. Akapiga kelele mpaka kuku wakatoka jikoni.

Jumatatu asubuhi Pulosi akaingia na beseni. Pulosi ni mke wa Kayiwa, mtoto wa pekee wa Babirye, yule anayenunua kahawa vijijini na kurudi nyumbani Jumamosi tu. Akapiga magoti kutusalimu, akainua macho, akauona uso wa mama mkwe wake.

"Mama, hicho ni kisipi."

Kisipi kwetu Buganda ni mkanda. Ninyi ugonjwa huo mnauita mkanda wa jeshi.

"Kisipi hufungwa kiunoni," Babirye akamjibu, jicho moja limefumba kwa maumivu. "Hiki cha kichwani ni kofia. Nimepewa kofia ya jeshi, Pulosi. Simama unipigie saluti."

Pulosi hakucheka.

"Malengelenge yametoka lini?"

"Jana."

"Basi tuondoke sasa hivi. Kaka yangu anasema dawa yake inataka kuanzwa ndani ya siku tatu. Ukichelewa, ugonjwa unakuwa mgeni aliyepewa nyumba."

Kaka yake huyo ana duka la dawa pale senta, penye maduka. Kumbukeni hilo. Lilikuja kukumbukwa siku mbaya.

* * *

Nesi wa kituo chetu ni Nantongo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuongozea kwaya. Alimgeuza Babirye uso huku na huku bila kuyagusa malengelenge.

"Mliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Wote wawili," nikajibu mimi. "Mwaka mmoja, wiki moja, mkeka mmoja. Tulikuwa na miaka sita."

"Basi ni virusi vile vile. Havikuondoka, jjajja, bibi yangu. Viliingia kwenye mshipa wa fahamu vikalala. Miaka sitini vimelala. Sasa vimeamka."

Nikamsogelea.

"Na mimi je?"

"Na wewe umelala navyo. Ila kwa watu wengi haviamki mpaka wanazikwa."

Mimi nilisikia nusu ya kwanza tu. Umelala navyo. Miaka sitini nimepika navyo, nimezaa navyo, nimekwenda navyo misani, na sikujua.

Nantongo akatoa vidonge vyeupe, vikubwa, vinaitwa asaiklovia. Akavimimina kwenye kikopo mbele yetu.

"Thelathini na tano. Kimoja, mara tano kwa siku, kwa siku saba. Saa kumi na mbili asubuhi, saa nne, saa nane, saa kumi na mbili jioni, saa nne usiku. Na maji mengi. Hivi havifukuzi virusi, vinavizuia visizaane. Ukiruka saa, vinazaana. Hata akijisikia mzima, asiache. Mmesikia?"

"Tumesikia, musawo," tukajibu, maana ndivyo tunavyomwita mganga wa hospitali.

"Na ni vya mtu mmoja."

"Tumesikia."

"Jingine." Akaweka kidole kwenye ncha ya pua yake mwenyewe. "Lengelenge likitokea hapa, msingoje kesho. Mshipa unaofika hapa ndio huo huo unaoingia jichoni. Pua ni kengele. Ikilia, jicho liko hatarini, na jicho likienda halirudi."

Akafunga kikopo.

"Nani atatunza dawa?"

Pulosi akanyoosha mkono. Lakini Babirye, hata kabla nesi hajamtazama Pulosi, akasema, "Nakato."

Nikakabidhiwa mimi.

* * *

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ninyi labda hamkuzaliwa pacha.

Mama yetu alikuwa na kisu kidogo cha mpini wa mfupa. Yai likiwa moja, alilikata katikati. Kiazi kikiwa kimoja, katikati. Kwenye ganda moja la kahawa huwa mna buni mbili zimelaliana tumbo kwa tumbo, alituonyesha akasema, "Hawa ndio ninyi." Babirye akichapwa, nami nilichapwa kiboko kimoja, nisije nikanuna kwamba nimesahauliwa. Kwetu pacha akipunjwa anaunguza. Watu wanatokwa malengelenge kama walioshika chungu cha moto, kisha wanaulizana, nani kampa Babirye akamnyima Nakato?

Malengelenge, wajukuu zangu. Ndiyo hayo.

Saa nane mchana, Jumatatu ile ile, nilimpa pacha wangu maji na kidonge. Akakiweka kwenye kiganja. Hakukimeza.

"Na chako kiko wapi?"

"Changu cha nini? Mimi si mgonjwa."

"Lini nimemeza kitu peke yangu?"

"Hii ni dawa, Babirye. Si kiazi."

"Basi nami sitaki."

Akafunga mdomo. Mdomo wa Babirye ukifungwa umefungwa. Mwaka alipogombana na marehemu mume wake alinyamaza Kwaresima nzima, akaufungua Pasaka kuomba chumvi.

Pale pembeni palikuwa na kikapu cha buni za kutafuna. Ningechukua moja, nikaitia mdomoni mbele yake, asingejua. Jicho moja lilikuwa limefumba na la pili linatiririka machozi. Msinionee huruma kwamba sikuwa na akili hiyo. Niliifikiria. Mkono wangu ulikwishafika kwenye kikapu.

Lakini tangu asubuhi paji langu lilikuwa linaniwasha.

Juu ya nyusi. Upande wa kulia.

Nikaurudisha mkono, nikafungua kikopo, nikatoa kidonge cha pili. Kilishuka kizito kama mbegu ya boga. Babirye naye akameza chake, akatabasamu kwa upande mmoja wa uso.

"Ndiyo hivyo," akasema.

Nimewaambia watu wote, na padri pia mara ya kwanza, kwamba nilifanya hivyo kwa mila. Mila ilikuwa ya Babirye. Changu kilikuwa woga.

* * *

Tukaendelea hivyo. Kimoja chake, kimoja changu.

Pulosi alikuwa saa yetu. Akisikia redio ikitaja saa anakuja na kikombe cha maji, anapiga magoti mlangoni.

"Mama mdogo, saa nne imefika."

"Weka hapo, utoke."

"Nimshike kichwa?"

"Toka, mwanangu. Dawa ya mapacha haitazamwi na mtu wa tatu."

Hakuna mila hiyo. Niliitunga mimi, palepale, na yule binti akaiheshimu. Alikuwa anageuza hata uso.

Jumatano mchana nilifungua kitambaa changu cha kichwa nikifue. Kwenye pindo nikamkuta kunguni, mnene, amelewa damu. Alikuwa ametoka kwenye godoro nililobeba siku ile. Nikashika paji langu. Muwasho wote ulikuwa wake.

Nilimponda kwa ukucha. Kisha saa nane ikafika, Babirye akauliza, "Na chako?" nami nikameza.

Nilipofika hapo ndipo padri alipokohoa.

Mimi si mjinga wa hesabu. Shule niliishia darasa la tano, lakini thelathini na tano gawa kwa mbili naijua. Kila nilipofungua kikopo niliona kitako chake kinakaribia. Nilijiambia akipata nafuu mapema hatutavihitaji vyote. Manesi wanapenda kuzidisha.

Na nafuu ilikuja! Alhamisi malengelenge yalianza kukauka. Babirye aliketi uani akala matoke na mchuzi wa karanga, akalamba na jani.

"Unaona, Nakato? Tumepona."

Tumepona, alisema. Sisi wawili.

Usiku huo saa nne kwenye kikopo kilibaki kimoja. Nilikuwa nacho bado kile kisu cha mama. Nikakiweka kidonge juu ya kifuniko, nikakata katikati. Kilipasuka vibaya, unga ukamwagika. Tulilamba vidole.

* * *

Ijumaa kikopo kilikuwa kitupu.

Ningekwenda kwa Nantongo. Si mbali, hata mimi natembea nikafika kabla jasho halijanitoka. Lakini Nantongo angeuliza vya kwanza vimekwenda wapi.

Pulosi alileta maji saa kumi na mbili asubuhi, nikamwambia weka hapo. Saa nne, weka hapo. Saa nane, weka hapo. Nilikuwa namnywesha Babirye maji matupu.

"Leo hatumezi?" akaniuliza.

"Nesi kasema Ijumaa tupumzike."

"Hata dawa ina Ijumaa Kuu?"

Nikacheka naye. Maji ya kikombe yakamwagika kwenye gomesi lake, lile gauni refu la kwetu.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea uji. Akainua uso kunipokea.

Kwenye ncha ya pua palikuwa na lengelenge. Moja. Dogo, linang'aa kama jicho la panya.

"Leo kuna ukungu," Babirye akasema.

Nikatazama nje. Jua lilikuwa limeshakausha umande. Vifaranga walikuwa wanakimbizana kwenye mwanga.

"Ukungu upande gani?"

"Huku." Akanyoosha mkono wa kulia. "Umekuja mpaka ndani ya nyumba."

Sikuita mtu. Niliweka uji chini, nikauegemea mlango kwa mgongo. Mpaka sasa sijui nilitaka kuzuia nini, kisiingie au kisitoke.

Nje pikipiki ikanguruma. Kayiwa amerudi.

* * *

Aliingia na mkate na tabasamu. Tabasamu lilifika katikati ya chumba likafa.

"Mama! Jicho limekuwaje?"

"Ni ukungu tu," Babirye akasema. "Umeniletea mkate?"

Kayiwa aliuweka mkate mezani. Alinigeukia mimi.

"Mama mdogo, dawa iko wapi?"

"Kwenye kikopo."

Akakitikisa. Hakikutoa sauti. Akakifungua, akachungulia, akakigeuza juu chini kwenye kiganja. Ulidondoka unga mweupe kidogo tu.

"Pulosi aliniambia kwa simu vilikuwa thelathini na tano. Vya kufika Jumatatu. Leo Jumamosi. Viko wapi?"

Niliinama nikauinua uji niliouweka chini.

"Nani huingia humu?"

"Mimi," nikasema. "Na Pulosi anayefagia."

Yalikuwa maneno ya kweli, yote mawili. Shetani hahitaji uongo kila siku.

"Pulosi!"

Akaja mbio na unga mikononi. Akapiga magoti.

"Vidonge vya mama viko wapi?"

"Anatunza mama mdogo."

"Kikopo ni kitupu."

"Kitupu?" Akanitazama. "Mama mdogo, si kila saa uliniambia weka hapo, nampa?"

"Nilikuwa nampa," nikasema. Kweli tena. Siku nne za kweli.

Kayiwa akazungukazunguka, kikopo mkononi.

"Duka la kaka yako linauza nini?"

"Kayiwa, usianze."

"Nimekuuliza. Linauza sukari?"

"Linauza dawa."

"Dawa. Na dawa anazipata wapi?"

"Anazipata kwa wenye maduka makubwa, kama wewe unavyopata kahawa kwa wakulima. Au na wewe kahawa unaiba?"

"Unanijibu hivyo mbele ya mama mdogo?"

"Umeniita mwizi mbele ya mama mdogo!"

"Nani alijua dawa ya kisipi kabla ya nesi? Nani alinyoosha mkono apewe kikopo? Mama mdogo, si alinyoosha mkono?"

Wote wawili wakanigeukia. Hapo ndipo ningesema. Chumba kilikuwa kidogo, tulikuwa wanne, aibu ingekuwa ndogo pia. Niliangalia mikono ya Pulosi. Unga ulikuwa umeanza kukauka kwenye vidole.

"Alinyoosha," nikasema.

Kayiwa akakiweka kikopo mezani polepole.

"Fungasha. Urudi kwenu. Wakikuuliza, waambie umeuza jicho la mama yangu."

Pulosi hakulia. Alisimama, akajipangusa magoti. Akamwendea Babirye, akamtazama puani kwa karibu sana, nami nikaona midomo yake inakauka.

"Nitafungasha," akasema. "Lakini wewe umesimama hapa unahesabu vidonge na hujaiona pua ya mama yako. Ninamwita nesi kwanza. Nguo zangu hazipofuki, zitanisubiri."

Akatoka. Tukasikia pikipiki ya mume wake ikiwashwa, na yeye ndiye aliyeiendesha.

* * *

Nantongo aliingia bila kubisha. Akamwendea Babirye. Akawasha tochi ndogo, akafungua jicho la kulia kwa vidole viwili. Nilikuwa nyuma yake. Sehemu nyeupe ya jicho ilikuwa nyekundu kama nyama ya kuku iliyochunwa.

"Unaona vidole vingapi?"

"Shika mkono usitembee, nitakwambia."

Mkono wa Nantongo haukuwa unatembea.

Akazima tochi.

"Nimekwishapiga simu. Gari la kumpeleka hospitali ya macho liko njiani. Amekaa bila dawa tangu lini?"

"Tangu jana," nikasema. "Asubuhi."

"Jana asubuhi!" Akanigeukia. "Jjajja, nilikukabidhi nini mimi? Nilikukabidhi jicho. Kwa nini hukuja?"

"Tumempata mwizi, musawo," Kayiwa akaingilia. "Anafungasha."

"Mimi sikuja kwa ajili ya mwizi. Nimekuja kwa ajili ya jicho. Njia ni ndefu, na huko atapanga foleni. Ameze kimoja sasa hivi, mbele yangu, na vingine aende navyo. Kila saa anayokaa mtupu, vile vitu vinakula. Leo labda bado tunawahi. Kesho siahidi."

Akatoa karatasi mpya ya vidonge mfukoni, akabana, kidonge kikarukia kiganjani mwa Babirye.

Pulosi akatokea mlangoni. Alikuwa na furushi kichwani na mkeka kwapani. Hakuwa amekuja kuaga. Nadhani alitaka tu kuona kidonge kikimezwa.

"Haya, jjajja," Nantongo akasema. "Maji haya hapa."

Babirye alikitazama kidonge kwa jicho lililobaki. Kisha lile jicho likaanza kutafuta. Likapita kwa Kayiwa, likapita kwa nesi, likapita mlangoni kwa Pulosi. Likanipata ukutani.

"Na cha Nakato?"



"Anaweweseka," Kayiwa akasema.

Nantongo akamwekea mgongo wa mkono shavuni. "Hana homa kubwa. Jjajja Babirye, meza. Gari linakuja."

Babirye akafunga mdomo.

Nesi akamsogezea kikombe. Maji yakashuka kidevuni, yakaingia kwenye kifua cha gomesi. Kayiwa akapiga magoti mbele yake, mwanamume mzima mwenye ndevu.

"Mama, nakuomba. Meza. Litapofuka."

Akatikisa kichwa. Akaunyoosha mkono kunielekea mimi, kidonge kimelala katikati ya kiganja.

"Chukua chako kwanza, Nakato," akasema. "Kama kawaida."

Akaufunga mdomo tena.

Nantongo akainuka polepole.

"Kama kawaida?" akauliza. "Kawaida gani?"

"Anaweweseka, musawo," Kayiwa akasema haraka. Akanigeukia, macho yamejaa maji. "Mama mdogo, mwambie musawo. Mwambie mama haelewi anachosema. Kisha umbembeleze wewe, wewe anakusikia."

Nilifunguliwa njia, wajukuu zangu. Pana, imefagiwa. Neno moja tu: ndiyo, pacha wangu amepungukiwa akili. Kisha nichukue kidonge, nijifanye, nimbembeleze, ameze, apelekwe. Jicho lingepata dawa yake. Pulosi angeondoka na furushi lake. Mimi ningebaki na kitanda changu chumbani mwa Babirye mpaka kifo kitutenganishe.

Mlangoni Pulosi alilishusha furushi kutoka kichwani. Alilishusha taratibu, kwa mikono miwili, kama mtu anayetua mtungi uliojaa. Hakuwa anamtazama Babirye. Alikuwa ananitazama mimi, mdomoni, na nilijua amekwishaikumbuka ile mila yangu ya mtu wa tatu.

Gari likapiga honi barabarani.

"Nakato," nesi akasema. Mara hii hakuniita jjajja. "Dawa ya jicho hili ilikwenda wapi?"

Babirye alikuwa bado ameunyoosha mkono. Ulikuwa umeanza kuchoka, unashuka kidogo, anauinua, unashuka tena. Mdomo wake ulikuwa umefungwa, unausubiri wangu.

Nikaufungua, nikamsimulia nesi kuanzia kidonge changu cha kwanza.